Gunia Hili Linarudi Nyumbani

Na usiniambie ni ukungu tu wa mahindi, Mwende mdogo wangu. Kaka Musyoka ametuambia hivyohivyo leo mchana, akicheka, nami nikashika kalamu kwa hasira. Hata salamu karibu nizisahau. Hamjambo nyumbani? Mama anaendeleaje? Hilo nataka jibu la kweli, si lile la "sote wazima" mnaloandika kila mara.

Sisi hapa Makadara, Nairobi, hatujambo, na kama si hasira hii ningejaza karatasi kwa habari za Kioko peke yake. Ndoa ni tamu, Mwende. Akitoka kazini kule kwenye kiwanda cha mikate hunukia hamira, nami humfungulia mlango kabla hajabisha. Pazia nililonunua soko la Gikomba lina maua mekundu, naye anasema chumba kimekuwa bustani. Jumamosi alinipeleka soko la Burma kula nyama choma, akanichagulia mbavu zote.

Musyoka alipofika na gunia la mahindi nililia kwa furaha. Chakula cha kwanza kutoka kwetu tangu niolewe, punje nyeupe safi! Niliwaita majirani waje waone. Tulipokuwa tunakula ndipo akasema Mama alikaa siku nzima akichambua: mazuri yetu, yenye ukungu yenu, ili nisiaibike mbele ya wakwe. Nikamuuliza hayo mabaya mnayafanyaje. Akasema mnayaosha kwa maji ya jivu, mnayaanika, mnasaga. Ugali una uchungu kidogo tu. Akaongeza kwamba mbwa wetu Simba amekufa, labda nyoka, na kwamba Mama siku hizi hana hamu ya kula.

Nyoka gani? Simba alikuwa akila ukoko wa sufuria yenu.

Ukungu ni kuvu, Mwende, kiumbe hai. Shuleni tuliacha mkate kwenye kopo lenye unyevu, tukautazama kwa hadubini. Nyuzi nyembamba zilikuwa zimechimba mpaka ndani, na lile vumbi la kijani ni mbegu zake tu. Mnaosha vumbi, nyuzi zinabaki ndani ya punje. Na kuna kuvu inayoacha sumu isiyoisha kwa maji wala kwa moto, ambayo huharibu ini. Sizichukii kuvu zote. Hamira ya Kioko ni kuvu, uyoga tuliokuwa tukiokota ni kuvu, na bila hizo majani shambani yasingeoza yakawa mbolea. Ninachochukia ni nyinyi kujaza mahindi mabichi kwenye magunia ya nailoni na kuyalaza sakafuni kwa kuogopa wezi, kisha yakiharibika anapewa Mama. Wewe umefika kidato cha pili. Ulikuwa wapi?

Gunia nimelifunga tena. Musyoka analirudisha kesho asubuhi pamoja na barua hii. Alinifokea, akasema binti akirudisha chakula cha kwanza cha kwao ameikataa nyumba ya mama yake, na mumewe amedharauliwa. Kioko akaweka kikombe chini, akamwambia taratibu, "Shemeji, mimi nilioa dada yako, sikuoa gunia. Libebe." Nilimpenda upya.

Mahindi ya ukungu yazikeni. Kuku wasiyaguse, wala asiyachukue mtu kupikia pombe. Mama mpeleke hospitali mara tu usomapo haya, na umwambie daktari alichokula. Kisha msomee barua yote, usiruke penye ukali. Ajue nimekasirika kwa sababu alinichagulia mimi mazuri, nami nikajivunia kwa majirani chakula alichojinyima.

Nisalimie baba mdogo anayetulimia shamba, na nyanya aliyenisuka siku ya harusi. Kioko ameshaomba ruhusa kazini. Kabla mwezi huu haujaisha tutafika sote wawili, na nitaingia jikoni kabla ya kuketi. Nataka nimkute Mama akila ugali wa gunia hili.

Dada yako akupendaye hata leo,
Ndunge