Binti Yangu Alinificha Shuka

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na karatasi hii ukiiona ina mabaka ya maji usidhani yote ni machozi, naandika nimekalia ndoo iliyofunikwa kifudifudi huku nasubiri mashati ya shule yachuruzike, maana kukaa bure nimeshasahau kunafananaje.

Mimi ni mama wa watoto wanne na kazi yangu ni dobi wa hospitali, nashinda kwenye chumba cha kufulia, mashuka ya wodini na makoti ya madaktari yote yanapita mikononi mwangu, na mkuu wetu hataki kuona doa hata la ukubwa wa punje ya mchele, likionekana moja tu mzigo mzima unarudi, basi nikitoka huko mgongo umekufa ganzi nafika nyumbani nakutana na lundo lingine, na kwangu hakuna mashine, kuna beseni na mikono hii. Mume wangu ni fundi magari, ovaroli lake linaweza kusimama lenyewe bila yeye kuwemo, mapacha wangu wa kiume wanacheza kwenye matope kana kwamba wametumwa, na kitinda mimba, ambaye tunamwita Bosi, anakojoa kitandani kila kukicha halafu anaamka anacheka. Ni binti yangu mkubwa tu ndiye hakuwa na makuu, nguo zake chache na safi, nikawa najisemea huyu Mungu alinipa nipumzike.

Mvua za sasa ndizo zimenimaliza kabisa, nguo hazikauki, kamba nimezifunga hadi sebuleni na tunapita tumeinama, watoto wanakwenda shule na sare mbichi zinazonuka uvundo, na msaidizi sina. Mume wangu aliwahi kufua mara moja nilipokuwa naumwa, nikaamka nikakuta mashati yananing'inia na kola zina utando, ikabidi niyaanue yote niyarudie, akanitazama akasema, "Haya, mwenye kazi yake," na tangu hapo beseni halijui. Mapacha nao wakifua soksi ni kuzionyesha maji tu, nazichukua nazirudia, na yeyote anayeniletea nguo namuuliza, hii umeivaa au umeipigia deki?

Sasa majuzi, mshauri, natafuta soksi chini ya kabati la binti yangu, nikavuta mfuko wa plastiki, ndani yake kuna shuka limeviringishwa, limeota ukungu, na katikati lina damu. Mimi damu naishika kila siku ya kazi lakini siku hiyo nilikaa sakafuni nimelishika, kumbe mwanangu amevunja ungo na mimi mama yake sina habari, amekuwa analala kwenye godoro tupu na blanketi lake na sikuwahi hata kuuliza shuka liko wapi. Nilipomuita nikamuuliza kwa nini hakuniambia, akanijibu taratibu, kama mtu anayeongea na mgonjwa, "Mama, ulikuwa umeshaloweka nguo nyingi. Niliogopa kukuongezea."

Na unajua nilimwambia nini? Jamani, mdomo huu! Nilimwambia, "Doa hili sasa halitoki."

Tangu siku hiyo haniletei hata leso, anafua vyake bafuni amejifungia, na mimi ananijibu "ndiyo mama" na "hapana mama" basi. Nimeshindwa, mshauri. Nafua mashuka ya watu nisiowajua na la mwanangu limeozea chini ya kabati. Niache kazi? Nitafute mtu wa kunifulia? Maji yamenifika shingoni.

Mama Beseni

*

Mama Beseni, pole. Pole sana, na uipokee yote sasa hivi, kwa sababu nikimaliza hapo nitakusema.

Unalia huna msaidizi. Huna kwa sababu umewafukuza! Mwanaume mzima kashika beseni mkewe anaumwa, na wewe ukanyanyuka na homa yako ukayaanua mashati mbele ya macho yake. Ungekuwa wewe ungerudia? Mapacha wakafua soksi, ukawanyang'anya. Hospitalini doa linaweza kumdhuru mgonjwa, sawa, mkuu wenu ana haki ya kuwa mkali. Lakini kola ya mtoto wa shule haijawahi kuua mtu. Yule mkuu ulitakiwa kumwacha kazini, wewe umekwenda naye mpaka sebuleni.

Kazi usiache, watoto wanakula. Na mtu wa kukufulia usimtafute kwanza, maana hata alizofua yeye utazirudia.

Ovaroli libaki gereji na alifue mwenye nalo. Sare zifuliwe Ijumaa zikivuliwa tu, zipate siku mbili za kukauka. Bosi mpeleke haja kabla ya kulala, mtandikie nailoni chini ya shuka, na umwache acheke, angalau mmoja humo ndani anacheka. Mapacha wapewe beseni lao, na soksi zikitoka za kijivu zivaliwe za kijivu. Wewe kazi yako ni kutokugusa. Mikono ikikuwasha, ikalie.

Mumeo mwombe radhi. Anaweza kununa, mwache anune.

Kuhusu binti yako sitakudanganya, dawa ya haraka sina. Mtoto alitokwa na damu kwa mara ya kwanza akafikiria uchovu wako kabla ya hofu yake. Na alipokwambia, ukatazama shuka. Hilo litamkaa, na halitaondoka kwa sababu umelia au umemnunulia zawadi.

Shuka hilo bado unalo. Najua, dobi hatupi shuka. Mwite siku wengine hawapo, mpe pedi zake mkononi, mwambie, "Nilikosea, mwanangu." Asipojibu usimlazimishe. Kisha weka beseni katikati yenu, maji baridi, sababu unaijua kuliko mimi, mlifue wote wawili. Ukiona anasugua vibaya, nyamaza. Nyamaza, Mama Beseni!

Doa litabaki. Ulishasema halitoki, na dobi kama wewe hakosei. Lianike hivyo hivyo, na likikauka usimrudishie. Litandike kitandani kwako, pamoja na doa lake, ulilalie wewe.