Chai ya Nanaa ya Shemeji

Alhamisi, 14 Agosti 1997

Zilpah, mwenzangu wa kupiga taipu ofisini Kilindini, kaja kazini miguu mitupu! Likoni kumevamiwa usiku, watu wa bara wanafukuzwa. Chumba chake kimetiwa moto. Ni Mjaluo — hana pa kurudi. Jioni nikamvisha buibui langu la akiba, tukaja zetu hadi Mji wa Kale. Nimemlaza stoo, mlango wa pili na jikoni.

Mahfudh akijua? Nyumba ni yao. Tangu mume wangu afariki, nakaa hapa kwa hisani yake, shemeji yangu.

Ijumaa, 15 Agosti

Shemeji kaja saa kumi na moja, kama ada yake, kunywa chai ya nanaa. Masikio yangu yako stoo! Nikatia nanaa maji bado yachemka. Chai ikawa chungu, akaacha nusu.

Akasema kuna vijana wanaulizana nani kaficha wabara. Asiyetaka balaa afunge mlango wake. Alisema akiitazama bilauri, si mimi.

Zilpah kasikia kila neno.

Jumapili, 17 Agosti

Zilpah hawezi kukaa bure. Aniuliza chai gani hii isiyo na maziwa! Nimemfundisha: maji, sukari, majani ya chai kidogo. Yakichemka, ipua. Ndipo utie nanaa, ufunike. Yeye akaipigapiga nanaa viganjani kwanza — jikoni kote kukanukia. Tumecheka, mara ya kwanza tangu aje. Kisha akalia.

Jumatatu, 18 Agosti

Nimechelewa kutoka kazini. Zilpah alikuwa ameshaiandaa chai, mimi nikaitoa tu ukumbini. Mahfudh kanywa bilauri tatu.

"Huu si mkono wako, shemeji."

Nikamwambia nimebadilisha muuza nanaa Marikiti. Uongo gani huo! Macho yake yalikuwa kwenye kandambili mlangoni pa jikoni, zile nilizomnunulia Zilpah. Kubwa, si za mguu wangu.

Akasimama. "Kesho naja na mtu. Weka bilauri nne."

Yeye, huyo mtu, mimi. Wa nne nani?

Jumanne, 19 Agosti

Sikwenda kazini. Nimemsihi Zilpah atoke kabla ya alasiri, nimpeleke kanisani walikokimbilia wenzake. Hataki.

"Akiniona njiani ni mwizi. Akiniona hapa ni mgeni wako."

"Na kama huyo mtu ni wa kukutoa?"

"Basi anitoe mbele yako, dada."

Saa kumi na moja kasoro. Naandika nimesimama, daftari juu ya meza ya jikoni. Birika imeipuliwa. Zilpah kavua buibui, kalikunja vizuri, kaniwekea mapajani — la, mezani, sijui hata naandika nini. Kabaki na gauni lake la kazi. Kapanga bilauri nne kwenye sinia.

Hodi. Sauti mbili, ya shemeji na ya mwanamke.

Sijaitikia bado. Zilpah ameshainua sinia.