Daftari Lako la Theluji

Mke wangu Zuwena,

Kuna barua imekuja kutoka kule bondeni, Norwei. Imekuja kwenye simu ya Asya, maana simu yangu mimi ni ya kupigia tu, na ilikaa wiki nzima bila kujibiwa. Kila akirudi kutoka kazini Rusayl, kabla hata hajavua viatu, binti yetu alikuwa ananiuliza.

"Baba, wale Wanorwei nnawajibu nini?"

"Waambie nimelala."

"Wiki nzima umelala?"

"Kwa umri wangu hilo linaaminika."

Akacheka, lakini anakujua wewe na ananijua mimi, na aliona kuwa kuna jambo. Nnakuandikia mbele za watu, Zuwena, kwa sababu kosa nililolifanya nililifanya mbele za watu, na wewe ulikuwa umekaa ubavuni mwangu hujui.

Aliyeandika ni mjukuu wa Mzee Halvor, yule bwana posta. Anasema kiwanda cha mbao kimefungwa, skuli imefungwa, na waliobaki wameamua kuandika kitabu cha historia ya kijiji chao wakati wanaokumbuka bado wapo. Anasema na baridi yenyewe imebadilika. Ziwa lile tulilokuwa tukilivuka kwa miguu kwenda dukani, siku hizi ipo miaka ambayo halimbebi hata mtoto. Posta ilipobomolewa walilikuta daftari lako la theluji, misimu mitatu kamili, kwa mwandiko wako ulioinamia kushoto.

Nilipoisikia khabari hiyo nikamwambia Asya azime kiyoyozi. Nilitaka kuikumbuka baridi ya kweli. Hapa Ruwi, Muscat, baridi ni ya mashine tu.

Unakumbuka tulivyofika? Tulitoka Unguja na sanduku moja, tukapita Dar es Salaam, tukapita Cairo. Oman ilikuwa bado haijatufungulia mlango, Norwei ikafungua. Kijijini nyumba hazikufika thelathini, kanisa moja, duka moja, posta iliyokuwa chumba cha mbele cha nyumba ya Mzee Halvor, na kiwanda cha kupasua mbao kilichonipa kazi, mimi mwalimu mzima wa jiografia, ya kupanga mbao kwa urefu wake. Asubuhi ya kwanza ulifungua mlango, ukatazama uwanja mweupe mpaka msituni, ukaniuliza, "Nani kamwaga chicha hapa?"

Watu wa pale walikuwa hawautaji mwaka kwa namba. Walisema mwaka theluji ilipovunja paa la zizi, mwaka tulipotokea dirisha la juu, mwaka barafu ya ziwa ilipombeba farasi mpaka Mei. Niliwasikiliza nikawakumbuka wazee wetu na mwaka wao wa ndui na mwaka wao wa njaa. Historia yao yote ilikuwa ya baridi na ya watu walioondoka. Kila nyumba ilikuwa na picha ukutani ya ndugu aliyekwenda Amerika asirudi. Nadhani ndiyo maana hawakutuuliza sana.

Mzee Halvor alipoteleza akavunjika nyonga, alikutafuta wewe ushike kazi yake ya kupima theluji, kwa sababu nyumba yetu ndiyo iliyokuwa karibu na kile kisanduku cheupe cha kipimajoto. Alikufundisha kwa vidole. Kila asubuhi usome baridi, uchomeke fimbo yenye alama kwenye theluji, uandike daftarini, kisha uitundike namba ya theluji kwenye dirisha la posta, wapasua mbao waione wakienda kazini. Daftari lilikuwa na safu ya tarehe, ya saa, ya baridi, ya theluji, na ya maelezo. Kwenye maelezo ukaandika kwa lugha yako: chicha, unga, tui. Yule mjukuu anauliza tui ni theluji ya namna gani. Nimemwambia ni ile ya Aprili, inayoingia ndani ya viatu.

Na kwenye safu ya saa, kila siku, misimu mitatu, uliandika moja. Ulikuwa ukisali alfajiri, ukavaa koti langu juu ya koti lako, ukachukua taa. Mimi nilikuwa chini ya blanketi. "Lala, bwana mkubwa," ulikuwa ukisema mlangoni, "theluji nitakusomea." Saa moja asubuhi. Ungeandika nini kingine?

Halafu ikaja simu ya upepo, telegramu, ya msiba wa mama yako. Alikuwa ameshazikwa. Ulitandika blanketi chini kwa kukosa mkeka, ukakaa kitako, nikasoma Yasini, na hakuna aliyebisha hodi. Unguja nyumba isingetosha. Pale tulikuwa wawili, na theluji ikianguka mfululizo, na hukutoka kuipima. Siku ya kwanza, siku ya pili. Siku ya tatu tukasikia miguu mingi nje. Wapasua mbao walikuwa wamepita mara tatu mbele ya dirisha la posta wakakuta halina namba. Mzee Halvor mbele na magongo yake, wengine nyuma na makoleo, wakidhani moshi wa jiko umetuua.

Nikawaambia mama wa mke wangu kafariki. Hawakujua la kufanya. Walivua viatu, wakakuona uko chini, na wao wakakaa chini, watu wazima na miguu yao mirefu wameinyoosha mpaka ukutani. Wakanywa kahawa.

"Mbona hawazungumzi?" ukaninong'oneza.

"Ndivyo walivyo."

"Afadhali. Kwetu wangekuwa wameshayasengenya mapazia."

Ndipo ukalia, kwa mara ya kwanza tangu ile simu ya upepo. Ukasema hao ndio watu wa matanga yako, na matanga yamekwisha.

Kesho yake ulitoka na taa. Uliporudi nikakwambia ujaze ile mistari mitatu mitupu, ukisie tu, daftari lipendeze. Ulinitazama kama anavyotazamwa mwanafunzi aliyejibu ovyo. "Nitaandikaje theluji ambayo sikuipima?"

Sasa nije kwenye kosa langu. Tulipopata ruhusa ya kuja Muscat, kijiji kilitufanyia kahawa ya kuagana skuli. Mzee Halvor akasimama, akalinyanyua daftari, akawaambia watu kwamba mwanamke huyu, aliyetoka kwenye jua, misimu mitatu alikuwa akiamka saa saba ya usiku kuwapimia theluji. Wao saa yao ya kwanza huhesabiwa kuanzia katikati ya usiku. Yetu huhesabiwa kuanzia jua linapotoka. Alisoma moja yako kwa saa yake, na hakukuwa na mtu wa kumwambia, isipokuwa mimi. Ukumbi mzima ukasimama kwa ajili yako.

Ukaniuliza, "Anasema nini?"

"Anasema ulikuwa mwaminifu."

"Maneno yote yale, tafsiri yake ni hiyo tu?"

"Lugha yao ndefu," nikakujibu.

Tangu tutoke kwetu hakuna mtu aliyewahi kusimama kwa ajili yetu. Sikuweza kuwaambia wakae. Nikajisemea nitawaandikia nikifika. Nikafika, nikapata kazi, tukapata Asya, miaka ikenda, ukaugua, ukaniacha. Sikuandika.

Na sasa mjukuu wake ananiomba nithibitishe. Wamekupa sura nzima kitabuni, mwanamke aliyeamka usiku wa manane. Hilo ningeweza kulinyamazia, Mungu anisamehe. Lakini wamezichukua namba zako za baridi wakaziweka pamoja na za usiku, wazilinganishe na za sasa, waonyeshe bonde lao limegeuka kiasi gani. Kwa kimya changu daftari lako linasema uongo, na nikifa mimi, hakuna mwengine duniani anayejua.

Nimechoka, Zuwena. Magoti yamechoka, macho yamechoka, hata kuona haya kumenichosha. Ijumaa asubuhi nikamwita Asya nikamwambia aandike.

"Saa zote ni za Kiswahili. Kila moja waongeze sita."

Akaacha kuandika. "Baba, wataifuta hadithi. Mama ndiye shujaa wa sura nzima."

"Waambie saa hiyo, katikati ya baridi yao, jua linakuwa bado mbali. Alitoka kizani kweli. Waambie na mumewe alikuwa kalala."

"Hilo la mwisho nalo niandike?"

"Khasa hilo."

Jawabu limekuja baada ya sala ya Ijumaa. Yule mjukuu anashukuru, saa zitasahihishwa. Ila ana swali moja zaidi. Ile mistari mitatu mitupu, je, ijazwe kwa makisio ya kijiji cha jirani?

Hilo sikumwachia Asya. Nilimwambia anishikie simu, nikagusa herufi moja moja mwenyewe kwa kidole hiki: hapana, iacheni hivyo hivyo. Siku hizo zilikuwa za matanga, na ya mwisho wazee wenu walikaa sakafuni kwetu.

Siku hizi saa moja asubuhi nipo macho, na sina cha kupima. Nnakaa ukingoni mwa kitanda mpaka Asya alete chai. Ulikuwa umenidai kweli moja bila kujua. Nimeirudisha imechelewa. Nisamehe, na ulale salama hapo ulipo, zamu yangu hii.

Mumeo,
Baba Asya