Video Niliyoipiga Mimi

Jumapili, Rinkeby

Bado nina hasira. Kanisani wameonyesha video ya harusi niliyoipiga mimi, mwanangu Neema akiwa mgongoni, halafu mchungaji akasema, "Tumpigie makofi Baba Neema!" Mume wangu siku ile ya harusi alishika taa tu. Akasimama, akapungia watu mkono.

Mwalimu wetu wa Kiswidi alitusimulia juu ya mama mmoja aliyeongoza filamu zisizo na sauti, Hollywood ya zamani. Sifa alipewa mumewe, kazi ikamwishia, akafa hajulikani. Naogopa kuishia hivyo.

Nyumbani nikauliza, "Mbona ulinyamaza?"

"Aa, Mama Neema, si kazi yetu sote?"

Kwenye video ya harusi ijayo jina langu litatokea mwanzoni, kabla bibi harusi hajaingia. Jina langu mwenyewe, sio Mama Neema. Neema akijua kusoma, alione.