Saba Mara Nane

Mdogo wangu Redio,

Pokea salamu zangu, na uzipokee kwa mikono miwili, maana nimezijaza kama lifti ya watu wanane iliyopakia kumi na mmoja: kengele inalia na bado kuna mtu anasukuma mlango anataka kuingia. Shemeji hajambo? Na watoto je, yule wa mwisho ameshaota meno ya mbele au bado anacheka kama babu? Mama mguu unamwendeaje? Mimi ni mzima kabisa, chuma cha pua. Nimeongezeka kilo mbili tu, na zote ni za misuli. Wifi yako, yaani mke wangu, anabisha, lakini yeye hajasomea misuli.

Najua unashangaa. Mtu wa kupiga simu na kucheka mpaka salio likate, leo karatasi na kalamu? Tena kwa mwandiko huu wa kuku aliyekanyaga wino? Tulia, mwalimu. Kalamu yako nyekundu iache mezani, usinisahihishe. Barua hii imenitoa jasho kuliko lifti yoyote niliyowahi kuifungua, na mimi, unanijua, nimefungua lifti katika miji ya bandari mitatu, nimefungua ya hoteli ya ghorofa ishirini na mbili, nimefungua na ya hospitali ikiwa na daktari mkuu ndani, akilia kuliko wagonjwa wake. Shule nilitoka nayo nusu, lakini nenda jengo lolote mjini hapa uulize Injinia ni nani.

Unakumbuka niliwahi kukwambia nacheza taekwondo, ule mchezo wa mateke wa Wakorea. Nadhani nilikwambia kwamba mwalimu ndiye aliyenibembeleza nijiunge. Hapo ngoja nipanyooshe kwanza. Miaka sita iliyopita niliitwa kwenye jengo ambalo chini ni duka la magodoro na ghorofa ya tatu ni ukumbi wa mazoezi. Lifti ilikuwa imekwama saa mbili nzima na mtu yumo. Nikajiandaa kukuta amezimia. Nilipoupanua mlango nikakuta mwanamke mfupi, wa miaka hamsini na kitu, amekalia visigino vyake sakafuni, viganja juu ya mapaja, macho ameyafumba. Akayafumbua, akaniinamia kichwa, akaniuliza kama nimekula, kwani kazi yangu inaonekana nzito. Mtu ametoka kufungiwa kwenye sanduku anauliza tumbo langu!

Huyo ndiye Sabum. Si jina lake, ni neno la Kikorea la kumwitia mwalimu. Yeye mwenyewe alifundishwa na mhandisi mmoja Mkorea aliyekuja kujenga barabara, miaka kumi na mmoja, nyuma ya uwanja wa matingatinga. Basi mimi na huu mdomo wangu nikamwambia kwamba kwa kimo kile bila shaka anapiga watu magoti tu. Hakukasirika. Alisema nisimame kwa mguu mmoja mpaka amalize kufunga kamba za viatu vyake. Redio, yule mama alifunga zile kamba kama anayesuka mkeka wa harusi! Kiatu cha kwanza hakijaisha, nimeshakumbatia ukuta. Kesho yake nilikuwa mlangoni pake, ndani ya nguo nyeupe inayonibana tumbo.

Nilidhani nitafundishwa kuruka na kuvunja mbao. Miezi mitatu ya kwanza nilifundishwa kupanga viatu mlangoni, kufagia, kusimama, na teke moja. Moja tu! Tunalipiga tukihesabu kwa Kikorea, na kwao moja ni "hana", basi ukumbi mzima unapaza sauti "hana!" nami najiuliza hana nini, nacheka peke yangu. Nacheka mpaka leo. Mkanda ukikulegea, unageuka umpe mwalimu kisogo ndipo uufunge, maana si heshima kujitengeneza mbele yake. Na aliyekutangulia mkanda ni mkubwa wako. Mimi na ndevu zangu nilimwinamia msusi wa saluni ya jirani mwaka mzima, naye alikuwa akinipita makusudi mara tatu tatu ili niiname vizuri.

Kilichonishinda ni adhabu. Wewe na mimi tumekulia kwenye fimbo, tunaijua sauti yake kabla haijafika. Sabum hana fimbo. Ukichelewa au ukimdharau mwenzako, hakugusi. Anashuka chini yeye, anapiga pushapu, thelathini, arobaini, na wewe umeambiwa usimame wima utazame. Siku ya kwanza kuchelewa nilifurahi, nikasema moyoni hapa nimefika nyumbani. Alipofika ya kumi na tano nilikuwa natamani sakafu ifunguke nitumbukie kwenye magodoro. Tangu siku ile nafika nusu saa kabla ya kila mtu.

Miaka ikaenda, nikafika mkanda mwekundu, bado mmoja tu, mweusi. Nikaanza kupewa wanafunzi wapya. Nikatamba mtaa mzima kwamba ukoo wetu sasa una walimu wawili, wewe kwa chaki na mimi kwa nyayo. Mwezi uliopita nilipewa mfamasia mmoja, mtu mwembamba, mpole, dawa zote anazijua kwa majina lakini kulia na kushoto hajui. Nikisema kulia, anatoa kushoto. Nikamwonyesha mara kumi. Mara ya kumi na moja akatoa kushoto tena, halafu akacheka, si kwa dharau, ni kwa aibu tu. Mkono wangu ukanyanyuka wenyewe.

Sikumpiga, naapa. Uliishia hewani. Lakini yule bwana alijikunja, akaziba sikio lake la kushoto kwa viganja viwili.

Sabum alikuja kutoka upande wa pili, akashuka chini mbele yangu, akaanza. Nilimsihi anipe hizo pushapu nipige mimi, hata mia tatu. Akasema bila kusimama kwamba hizo ni zake, kwa sababu amenifundisha miaka sita na bado mkono wangu unakwenda bila kuniomba ruhusa. Alipiga mia moja. Mwanamke wa karibu miaka sitini, Redio. Mimi sikuwa namtazama yeye tena. Nilikuwa namtazama mfamasia na sikio lake.

Sasa, kwa Sabum, anayetaka mkanda mweusi anaandika barua kwanza. Anamwandikia mtu ambaye yeye mwenyewe aliwahi kumpiga, na mtu huyo hakuweza kumrudishia, kisha anaituma. Sabum haisomi, anataka kuona risiti ya posta tu. Mimi mjanja nikamwandikia yule mpakuaji wa mizigo niliyepigana naye bandarini, kurasa nne, nimejisifu humo mpaka wino ukaona haya. Nilipomwonyesha bahasha kabla ya kwenda posta, Sabum akaniuliza swali moja tu, kama yule mtu hakuweza kunirudishia. Ikabidi niseme ukweli kwamba alinirudishia vizuri sana, na ndiye aliyeling'oa lile jino nililowaambia nyote kwamba lilibanwa na mlango wa lifti. Akanirudishia bahasha, akaenda kupanga viatu.

Mdogo wangu, kaa chini kama umesimama.

Sikio lako la kushoto halikuliwa na maji ya bwawa. Nililiua mimi.

Ulikuwa na miaka saba, mimi kumi na minne. Mama alikwenda kazini akaniachia kazi ya kukusikiliza jedwali la kuzidisha. Wewe ulikuwa juu ya kile kigoda chenye mguu mfupi, mimi mlangoni na kamba ya kiatu mkononi, najifanya mwalimu mkuu. Nikakuuliza saba mara nane. Ukasema hamsini na sita. Mimi nilikuwa na hakika ni hamsini na nne. Nikakuuliza tena, ukasema hamsini na sita, ukacheka, ukaniambia kaka rudi shule. Nikakuzaba kofi la kiganja wazi, nguvu zangu zote, juu ya sikio. Ulianguka na kigoda. Hukulia. Uliniuliza nani anapiga kengele.

Nikaogopa. Nikakushika mkono mpaka bwawani, nikakwambia tuogelee, nikakuzamisha kichwa mara mbili. Siku ya tatu sikio lilipoanza kutoa usaha na homa ikapanda, Mama alipouliza, mimi ndiye niliyetaja maji. Nililirudia neno hilo mpaka wewe mwenyewe ukaliamini, na kofi ukalisahau kama makofi mengine ya nyumba ile. Ukakatazwa bwawa, wewe uliyeogelea kuliko sisi wote. Ukaanza kuongea kwa sauti kubwa, na mimi, kaka yako, nikakubandika jina la Redio, watu wakacheka. Ulipofaulu mitihani yote ya udereva wa treni wakakurudisha kwa ajili ya kipimo cha masikio, ulinipigia simu mimi wa kwanza, ukasema si kitu, hata darasa lina mabehewa yake. Siku ya harusi yako ulisimulia bwawa lilivyokula sikio, na aliyecheka kuliko ukumbi mzima ni mimi.

Ukweli wa hesabu niliujua nikiwa na miaka kumi na sita, nimeanza kujifunza lifti. Jengo la ghorofa saba, kila mlango bolti nane, fundi akaniambia nizihesabu zote. Nilizihesabu mara mbili. Halafu nikakaa juu ya ndoo.

Ulikuwa umepata, Redio. Nilikupiga kwa kupata.

Uliwahi kuniuliza kwa nini kila tunapoketi nahamisha kiti nije upande wako wa kulia, hata msibani, hata pakiwa na jua. Nikakujibu kwamba upande wa kulia ndio wa watu wenye vyeo. Sasa unajua.

Mtihani ulikuwa Jumamosi iliyopita. Sikwenda. Nilimwambia Sabum mkanda usubiri, kwa sababu nikiituma barua hii ili nivae mweusi, nitakuwa nimeununua kwa sikio lako. Aliniinamia, chini kuliko anavyoniinamia siku zote. Mfamasia nimemwomba radhi, na sasa nimemfunga utepe mwekundu mguu wa kulia. Anakosea bado, lakini tunacheka wote wawili.

Mama usimsomee. Nitamwambia mwenyewe, kwa mdomo wangu. Nitakuja mwisho wa mwezi, asubuhi, na basi la kwanza. Hulazimiki kujibu, wala kunipokea kituoni. Weka tu viti viwili, na unionyeshe pa kukaa. Ukinionyesha kulia, tutazungumza. Ukinionyesha kushoto nitakaa hapo hapo, nitayasema yote upya, na usiposikia hata moja sitalalamika.

Msalimie shemeji, wabusu watoto, Mama umkande mguu kwa niaba yangu. Wote huku wanakusalimu kwa sauti kubwa.

Ni mimi kaka yako,
Injinia, ambaye saba mara nane ilimchukua miaka miwili.