Mbegu Inayongoja Mvua

Jumatatu, 6 Oktoba 2025
Nimemwambia jirani yangu Salesio: ile kona tulizika ng'ombe aliyekufa na kimeta, jua limeipiga miaka mingi. Mvua ikija, ndume wangu Sajini atakula nyasi hapo. Akasema, "Mzee, kimeta hakizeeki." Huyo ametoka Kanja kwa baridi — jua la Mbeere atalijulia wapi? Mimi niliacha shule darasa la tatu, lakini jua nalijua.

Ijumaa, 10 Oktoba
Binti yangu Wambeti amefika kutoka maabara ya Embu. Kazi yake siku hizi ni kupiga mbegu na mionzi. Nikauliza, mbegu ya mawele ama ya kunde? Alicheka mpaka chai ikamwagika. "Ya bakteria, baba, ile inayolala udongoni." Si kimeta chenyewe, ni binamu yake asiyeua. Taa ya Wambeti ya mionzi ni kali kushinda jua. Basi zimekufa zote, nikasema. Karibu zote, akasema. Nimeshinda! Nimeenda kumwambia Salesio.

Jumapili, 19 Oktoba
Sikushinda sana. Wambeti amepiga simu baada ya kanisa. Zile chache zilizobaki ziliumia, lakini zikipewa maji na chakula zinaamka, zinajishona vidonda, halafu zinazaa. Zingine zilijificha nyuma ya chembe ya udongo, taa haikuziona. Kitu bila macho!

Mama yangu alitundika mbegu ya mawele juu ya mafiga. Moshi msimu mzima, nyeusi kama makaa — ukipanda, inaota. Hii ya bakteria ni ya ukoo huo. Haibishani na jua. Inafunga mdomo, inangoja mvua. Mimi pia presha imenishindwa. Tunafanana.

Wambeti anataka nifunge hiyo kona na Sajini adungwe chanjo kabla ya mvua. Nimesema nitafikiria. Salesio akiniona nafunga, atacheka mpaka Krismasi.

Jumatatu, 27 Oktoba
Mvua juma zima. Asubuhi nikabeba miiba nifunge kona kabla Salesio hajaamka. Nikakuta Sajini amekata kamba. Yuko hapo hapo, anang'oa nyasi na mizizi na udongo wake.

Salesio amenisaidia kumtoa. Hakucheka. Heri angecheka. Daktari wa mifugo yuko njiani na sindano.

Nimesifu hiyo mbegu kwa kila mtu. Leo naomba iwe mvivu.

Nimekaa na Sajini. Anacheua; ng'ombe mgonjwa hacheui. Ameacha. Ameanza tena —