Mkuu wa Utamaduni wa Barabara ya Jhingree

Barabara ya Jhingree, Chaguanas, Trinidad
10 Desemba 1995

Didi wangu Dhanmatie, dada mkubwa,

Kabla sijakusalimu tafuta kiti ukae, maana bahati iliyomdondokea mdogo wako haijapata kuonekana katika ukoo huu tangu babu yetu ashuke melini na bakuli lake la shaba. Nimeteuliwa! Mimi Kissoondath, niliyefukuzwa shule kwa kumwigiza mwalimu mkuu anavyotembea, leo ndiye Mkuu wa Utamaduni wa wilaya nzima. Nina ofisi. Nina mashine ya baridi inayonilazimisha kuvaa sweta nchi hii ya jua. Nina karani anayebisha hodi hata mlango ukiwa wazi.

Haya, sasa salamu. Hujambo? Shemeji goti lake limepoa? Anjanie mpwa wangu mzima? Sisi wazima, na mama yetu Mai mzima kutushinda wote. Jana kamkimbiza mbuzi wa jirani yetu Bi Merle mpaka barabara kuu, na mbuzi ndiye aliyechoka.

Habari za ushindi nadhani zimefika huko kwenye theluji. Sisi watu wa miwa, tuliokuwa tunachekwa kwa harufu ya manjano kwenye nguo, tumeingia serikalini mara ya kwanza tangu nchi hii iwe nchi. Kampeni yote niliifanya mimi, juu ya Datsun yangu na vipaza sauti vinne, mpaka kasuku wa jirani akajua sera za chama. Siku ya matokeo mzee Sookdeo, ambaye hajamwitikia mtu salamu toka afiwe na mkewe, alinibusu shavuni.

Sasa ni zamu yetu, Didi. Waziri amesema utamaduni wetu hautafichwa tena uani kama sufuria lenye masizi. Tarehe 30 Mei, sikukuu ya kuwasili kwa Wahindi, kutakuwa na jukwaa uwanjani. Waziri atakuwepo, balozi wa India na mkewe watakuwepo, na Mai wetu ataimba zile nyimbo za matikor ambazo wanawake huimba siku ya kumchimbia mwali udongo. Nimeshaahidi. Mai ndiye amebaki anazijua zote. Ni nyimbo takatifu zile! Mimi lugha ile ya babu sielewi neno hata moja, lakini nikizisikia kwa mbali huvua kofia.

Mdogo wako mwenye cheo,
Kissoon

Toronto
7 Januari 1996

Mdogo wangu Kissoon,

Salamu sana, na hongera ya cheo. Sisi wazima. Goti la shemeji yako linatabiri theluji kuliko redio. Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu ukishika simu unapiga kelele kama uko juu ya Datsun, na sikio langu moja bado linavuma toka Divali.

Unavua kofia? Nimecheka mpaka chai imemwagika.

Na mimi nina habari. Anjanie anaolewa. Kijana ni wa watu wa Guyana, mpole, anakula pilipili bila kulia. Harusi Jumapili ya tarehe 2 Juni, na matikor Ijumaa kabla yake. Sasa nisikilize. Huku wanawake wanafanya matikor chini ya nyumba, kwenye chumba cha mashine za kufulia. Wanaweka kaseti ya nyimbo za sinema, wanakata keki, wanakwenda zao. Mimi niliondoka huko na miaka kumi na tisa, nyimbo nilizonazo ni nusunusu. Nikifika katikati nabaki kupiga makofi. Mwanangu hajui hata moja. Sitaki aingie kwenye ndoa kama mtu anayeingia benki.

Namtaka Mai aje mwanzo wa Mei, akae na sisi mwezi mzima, atufundishe. Tiketi nimeshanunua.

Na hilo la jukwaa, achana nalo. Nyimbo zile mwanamume hazisikii. Ulipokuwa mdogo tukikufukuza kwa mawe, ulidhani tunacheza? Wewe si Mkuu? Basi chukua kalamu, mfute Mai kwenye ratiba.

Dada yako,
Dhano

Barabara ya Jhingree
16 Machi 1996

Didi mpenzi,

Salamu, na pokea vigelegele vya harusi kutoka kijiji kizima. Hatujambo, ila Datsun ina kikohozi.

Kuhusu Mai, mikono yangu imefungwa. Mambo ya serikali ni kama dhal ya dengu iliyokwisha kutiwa vitunguu vya moto, huwezi kuirudisha ikawa mbichi. Jina lake liko kwenye karatasi za rangi zilizobandikwa mpaka kwa kinyozi. Lakini usihuzunike, nimepata njia. Ataimba Alhamisi, Ijumaa alfajiri nampandisha ndege, jioni yuko kwako. Uongozi ndio huo.

Nilimkuta anachambua mchele nikamweleza.

"Atakuwepo nani?" akauliza.

"Waziri, Mai. Balozi. Watu kwa maelfu."

"Na wanaume?"

"Waziri ni mwanamume, Mai."

Akachambua, akachambua, mpaka nikadhani amenisahau. Kisha akasema, "Dhano ananiita harusini, wewe unaniita uwanjani. Ningekuwa na miguu minne ningekuwa meza. Haya, nitaimba, nisije nikaambiwa nilimwaibisha mwanangu mbele ya serikali. Lakini naimba na Merle, na hapana mtu wa kunichagulia wimbo."

Hapo palikuwa na kazi, maana kamati ina katibu mmoja, Bwana Ramcharitar, mtu wa tai. Alikuja nyumbani akamwona Bi Merle amekalia ngoma yake, mweusi kama chungu cha bibi, amejifunga mtandio wa ohrni kichwani kama wanawake wetu wote. Akaninong'oneza, "Mama huyu si Mhindi. Tunahifadhi utamaduni wetu, bwana, siku yetu ni moja tu."

Mai ana masikio ya popo. "Nani kakuuliza? Merle ananipigia ngoma tangu kabla wewe hujazaliwa ukaanza kukojoa kitandani. Harusi ya mama yako alipiga nani? Malaika?"

"Mwache, Mai," Bi Merle akasema. "Tai imembana, damu haifiki kichwani."

Ramcharitar akanywa maji akaondoka. Bi Merle yumo.

Mdogo wako,
Kissoon

Toronto
20 Aprili 1996

Kissoon,

Hatujambo.

Mwezi mzima wa bibi umemnyang'anya mwanangu, umembakizia jioni moja, na jioni yenyewe iko mikononi mwa shirika la ndege. Umefanya hivyo ili waziri akupige begani. Sitasema zaidi, maana nitakalosema halitafutika.

Ila nikuonye kitu kimoja, na mwanamke hamwambii kaka yake mambo haya, kwa hiyo elewa kwa haraka. Katika matikor kuna nyimbo za kuwaimbia watu wa upande wa bwana harusi. Majina yao hutiwa humo ndani, la baba mtu, la mjomba mtu, na viungo vyao. Waziri ana jina? Balozi ana jina?

Basi.

Dhano

Uwanja wa ndege, Piarco
31 Mei 1996

Didi wangu,

Barua hii anakuletea Mai mwenyewe, mpokee na mzigo wake wa embe za achari. Nimeiandika juu ya goti huku yeye akibishana na askari kwamba kisu cha kukatia embe si silaha. Natumai wote mko wazima na mwali amepakwa manjano vizuri.

Ulinitisha bure! Jana, Didi, nchi hii haijaona siku kama jana. Nilitangaza mimi mwenyewe: "Ndugu wananchi, simameni kwa heshima! Hizi ni sala za mababu zetu zilizovuka bahari!" Uwanja mzima ukasimama. Mai akapanda na sari yake nyeupe, kadogo kama mshumaa. Bi Merle akaketi na ngoma. Wakaanza taratibu.

Halafu nikasikia jina la waziri. Mara ya kwanza akafumbua macho. Mara ya pili akaweka viganja pamoja kifuani. Mara ya tatu machozi yakamtoka, akamwambia Ramcharitar, nilikuwa karibu nikasikia, "Mama ananiombea." Ramcharitar naye akalia, tai yote ikalowa. Kisha likaingia jina la balozi. Balozi akaanza kutazama viatu vyake, akavitazama hivyo mpaka mwisho, nadhani ndiyo desturi yao ya kuabudu.

Lakini mkewe! Yule mama alianza na leso mdomoni. Nikadhani kapaliwa. Mabega yakamtetemeka, akateleza kwenye kiti nusura afike chini, akavua viatu, akapanda jukwaani, akaanza kucheza na Mai kiuno kwa kiuno! Bi Merle akapiga ngoma kama inamdai. Wanawake wazee kule nyuma wakapiga yowe, wakajifunika ohrni nyuso, sijui kwa uchaji gani. Wanaume tukainamisha vichwa. Tukaomba.

Walipomaliza, mke wa balozi alishika miguu ya Mai akawa analia na kucheka. Akasema bibi yake huko Bihar alikuwa anaimba hivyo hivyo, alipokufa nyimbo zikafa naye, na kwao siku hizi wote wamekuwa waungwana. Akamuuliza Bi Merle, "Wewe umejifunzia wapi?" Bi Merle akamjibu, "Jikoni, mama. Kwani kuna shule?"

Redio wameurekodi wimbo ule. Wameniahidi watakuwa wanaupiga kila asubuhi kabla ya habari.

Ndege imechelewa kidogo, lakini usiwe na wasiwasi.

Mdogo wako,
Kissoon

Toronto
14 Juni 1996

Mdogo wangu,

Salamu kutoka kwetu sote, na kutoka kwa bwana na bibi harusi. Harusi ilikuwa nzuri. Mimi mzima, hasira imepungua. Sasa nikueleze.

Ndege haikuchelewa kidogo. Wanawake walikuwa wameshachimba udongo kwenye bustani ya jirani, keki imeshakatwa, kaseti inalia, na mimi nimejificha bafuni nisionekane ninavyolia. Nikasikia kaseti imezimwa. Nilipotoka, namwona Mai amesimama na koti la baridi juu ya sari, mzigo wa embe bado begani. Akafungua mdomo aimbe.

Hakuna kilichotoka, Kissoon. Sauti yote ilikuwa imebaki uwanjani kwako. Umemwimbisha jua kali mbele ya vipaza sauti mpaka koo limekauka kama ganda la muwa.

Anjanie ananitazama mimi. Basi Mai akanivuta sikio, kama alivyokuwa akinivuta zamani, akaweka mdomo hapo akaninong'oneza mstari wa kwanza. Nikauimba. Akaninong'oneza wa pili. Nikauimba. Hivyo hivyo, wimbo baada ya wimbo, maneno yake na koo langu. Nilipofika kwa babake bwana harusi, mama mkwe wa mwanangu alicheka mpaka akalala juu ya mashine ya kufulia. Anjanie ameshajua nyimbo tatu. Hakuingia kwenye ndoa kama anayeingia benki.

Na ule wimbo wenu wa redioni, kwa kuwa umeshakuwa sala ya taifa, nitakuambia mstari mmoja tu. Unasema fahali wa waziri ana pembe za kutisha sokoni, lakini akipelekwa kwa ng'ombe anauliza njia. Wa balozi sitakuambia. Kuna bilinganya ndani yake.

Mai anataka kurudi wiki ijayo. Anasema kijijini hakuna mwingine wa kuwafundisha mabinti, na akifa huku nyimbo zitakosa mwenyewe huko. Mimi namtaka abaki mpaka majani yaanguke, maana bado nina nusu ya nyimbo kichwani na nusu hewani. Kwa hiyo nakuomba, wewe mwenye cheo. Wakusanye mabinti wa kijiji kwenye ofisi yako ile yenye baridi, Bi Merle awafundishe humo. Niandikie kwa karatasi ya serikali yenye muhuri kwamba jambo hilo limeanza, nimsomee Mai. Akisikia muhuri atatulia.

Dada yako,
Dhano

Barabara ya Jhingree
2 Julai 1996

Didi,

Salamu kwako, na mwambie Mai mbuzi amerudi kwenye mchicha wake, anamngoja.

Barua yako ilinikuta redio inapiga ule wimbo. Mzee Sookdeo alikuwa amesimama mbele ya redio, kofia mkononi. Sikuwa na moyo wa kumwambia. Nami nilikuwa nimesimama karibu naye, yangu mkononi pia. Nimeirudisha kichwani polepole.

Msomee Mai hivi. Bi Merle ameanza. Mabinti wanakuja jikoni kwake kila Jumamosi mchana, wa kwetu, na wajukuu zake, na hata binti wa Ramcharitar, anayeaga nyumbani kwamba anakwenda kusali. Nilijipeleka na kipaza sauti kidogo nikiwa na nia njema, niwasaidie. Bi Merle akatoka mlangoni akaniambia, "Kissoon, utaondoka mwenyewe au niokote jiwe?" Nikaondoka. Nilisikia wanacheka mpaka njia panda. Kwa hiyo Mai abaki huko mpaka majani yaanguke, na theluji ikimpendeza abaki pia. Mimi nitapika dhal yangu mwenyewe.

Karatasi yenye muhuri sina.

Didi, hakuna ofisi. Hakuna karani, hakuna mashine ya baridi. Sweta ninalo, lile ulilonitumia wewe. Uliponiambia nichukue kalamu nimfute Mai kwenye ratiba, sikuwa na kalamu. Waziri hajui jina langu. Kamati iliniita nilete vipaza sauti, nikawaambia ninaye na mama anayeimba. Sikuteuliwa na mtu yeyote, nilikudanganya.

Mdogo wako,
Kissoon